Sanamu za Shaba za Kibudha na Makaizari wa Qing: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa historia ya sanaa, kwa waliotembelea Beijing wakarudi na picha nyingi kwenye simu, na kwa wachache waliorithi au kununua sanamu na sasa wanataka kujua wamepata nini. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Qing walikuwa nani, na ni Ubudha gani tunaouzungumzia?

Qing ni ukoo wa kifalme wa Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki, walioingia Beijing mwaka 1644 wakaitawala China hadi 1912. Raia wao wengi walikuwa Wahan, na Wahan walikuwa na Ubudha wao wa miaka mingi. Lakini ule uliopewa fedha, shaba na dhahabu nyingi zaidi ndani ya kasri ulikuwa Ubudha wa Tibet, hasa madhehebu ya Gelug, wale wa kofia za njano, ambao viongozi wao wakuu ni Dalai Lama na Panchen Lama.

Makaizari watatu ndio wa kuwashika akilini: Kangxi (1661–1722), mwanawe Yongzheng (1722–1735) na mjukuu Qianlong (1735–1796). Sanamu nyingi zinazosifiwa ni za babu na mjukuu.

Kwa nini Wamanchu waichukue dini ya Tibet, nchi iliyo mbali nao hivyo?

Kwa sababu ya Wamongolia, waliokaa katikati. Mwaka 1578 Altan Khan, mtawala wa Wamongolia, alikutana na kiongozi wa Gelug akampa cheo cha Dalai Lama, na tangu hapo Wamongolia wengi walielekeza macho Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Mtu aliyetaka wapanda farasi wa Mongolia wawe upande wake, au angalau wasiwe dhidi yake, ilimbidi aheshimiwe na malama, walimu wa dini wa Tibet.

Mfano wa kufuata ulikuwepo tayari. Katika karne ya 13 Kublai Khan alikuwa na mwalimu wake wa Kitibeti, Phagpa. Mtawala alitoa ulinzi na mali, lama akatoa mafundisho na baraka za kutawala. Inasimuliwa kwamba Phagpa alisubu sanamu ya dhahabu ya Mahakala, mlinzi mkali wa dini, kwa ajili ya Kublai. Mwaka 1635, baada ya Ligdan Khan, mtawala wa Wamongolia, kushindwa, sanamu hiyo ilifikishwa kwa Hong Taiji, mtawala wa Wamanchu, huko Mukden, mji unaoitwa Shenyang leo. Hong Taiji hakuiweka stoo. Aliijengea hekalu, likakamilika 1638. Kumbuka kwamba Beijing ilikuwa bado haijatekwa. Wamanchu walikuwa hawajakalia kiti cha enzi cha China, na tayari walikuwa wameshika sanamu iliyowaunganisha na Kublai mwenyewe.

Kwa hiyo ilikuwa siasa tu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza mara nyingi ana jibu lake tayari. Ushahidi wa upande wa siasa ni mzito, na aliyeutoa ni Qianlong mwenyewe. Mwaka 1792 aliandika tamko kuhusu malama, akaamuru lichongwe kwenye jiwe kwa Kichina, Kimanchu, Kimongolia na Kitibeti, likasimamishwa Yonghegong, hekalu kubwa la malama mjini Beijing. Humo anasema bila kuficha kwamba kuiinua dini ya kofia za njano ni njia ya kuwatuliza Wamongolia. Ndicho kipindi hichohicho alichopeleka Tibet chombo cha dhahabu cha kupigia kura ili kuteua malama wanaoaminika kuzaliwa upya, asiwaachie wakubwa wa huko wachague watoto wa jamaa zao.

Sasa tazama upande wa pili. Qianlong alisoma utotoni pamoja na Rolpai Dorje (1717–1786), lama wa cheo cha Changkya aliyeletwa Beijing akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1745 kaizari alipokea kwake uingizwaji katika ibada ya siri ya Chakrasamvara, na katika tukio la namna hiyo mwanafunzi hukaa chini ya mwalimu wake, awe kaizari au asiwe. Zipo picha za hekaluni zinazomwonyesha Qianlong mwenyewe akiwa Manjushri, bodhisatva (mtakatifu aliye njiani kuwa Budha) wa hekima, amevaa joho la kilama na ameshika gurudumu la sheria. Hizo mtu anaweza kusema ni matangazo kwa Wamongolia na Watibeti. Haya, na kaburi lake je? Alipofariki mwaka 1799 alizikwa katika chumba cha chini ya ardhi ambacho kuta zake zimechongwa mabudha, mabodhisatva na maandiko ya Kitibeti na Kisanskriti. Chumba hicho kilifungwa kisifunguliwe tena. Hakuna chifu wa Kimongolia aliyetarajiwa kuingia humo na kuvutiwa.

Kwa maoni yetu, kumtaka achague kati ya kuamini na kutawala ni kumwekea mpaka ambao yeye hakuujua. Alikuwa mwamini aliyejua faida ya imani yake, na hakuona haya kuisema.

Nani hasa walizitengeneza?

Jina la fundi ni nadra kulipata kwenye sanamu. Kazi ilipita kwenye ofisi. Ndani ya Idara ya Mali za Kaizari palikuwa na karakana za kasri, Zaobanchu, zenye wasubu shaba, wachongaji, watia dhahabu, mafundi wa enameli na wengineo. Pembeni yake palikuwa na Zhongzhengdian, ofisi iliyoanzishwa 1697 wakati wa Kangxi, iliyosimamia visomo vya malama kasrini pamoja na uchoraji na utengenezaji wa sanamu.

Raha ya mtafiti ni kwamba karakana zile ziliandika kila kitu. Daftari zake zipo hadi leo, na ukizisoma unamwona Qianlong kama mteja msumbufu. Anaagiza sanamu, anataka aonyeshwe kwanza mfano wa nta, anaurudisha kwa kuwa uso haujampendeza, anauliza dhahabu iliyobaki imekwenda wapi. Rolpai Dorje naye anaitwa mara kwa mara kuhakikisha mikono, silaha na viti vya maua ya yungiyungi viko sawasawa na maandiko.

Usahihi huo haukuwa wa kukisia. Gombojab, msomi wa Kimongolia aliyefanya kazi katika shule ya Kitibeti ya serikali, alitafsiri kwa Kichina maandiko ya vipimo vya sanamu, akiyapa utangulizi mwaka 1742: urefu wa uso, upana wa bega, umbali kutoka kitovu hadi goti, vyote kwa vipimo vya vidole. Budha mwenye vipimo vibaya si kosa la urembo peke yake. Kwa waumini ni sanamu isiyofaa kuombewa.

Tukumbuke pia Wanewari wa Bonde la Kathmandu, Nepal, mabingwa wa shaba wa Asia nzima ya milimani. Mmoja wao, Arniko (1245–1306), alifanya kazi kwa Kublai Khan na kujenga stupa nyeupe (mnara wa kuhifadhi masalia matakatifu) ya Beijing iliyokamilika 1279. Mikono yao ilifundisha Tibet, Tibet ikafundisha Beijing.

Shaba inageukaje kuwa Budha?

Njia kuu ni ya nta inayopotea. Fundi huanza na kiini cha udongo, akakifunika kwa nta na kuichonga nta hiyo kila kitu: kope, vidole, shanga za taji, mikunjo ya nguo. Kazi yote ya sanaa iko hapa. Shaba haitaongeza uzuri ambao nta haikuwa nao. Kisha huweka vijiti vya nta vitakavyokuwa njia za kupitishia shaba na hewa, na kuufunika mfano wote kwa udongo laini sana, tabaka baada ya tabaka, zile za nje zikiwa nzito zaidi. Udongo ukikauka kalibu huwekwa motoni, nta inayeyuka na kutoka, na panabaki uwazi wenye umbo la sanamu. Shaba iliyoyeyuka humiminwa humo, ikiwa imechanganywa na zinki, bati au risasi. Ikipoa, kalibu huvunjwa. Ndiyo maana hakuna sanamu mbili zinazofanana kabisa, hata zilizotoka karakana moja mwezi mmoja.

Baadaye huja patasi: kukata njia zile, kuziba matundu, kunoa mistari ya nguo. Kutia dhahabu hufanywa kwa zebaki. Dhahabu huchanganywa na zebaki ikawa kama lahamu, ikapakwa, halafu sanamu ikapashwa moto mpaka zebaki ikatoka kwa mvuke na dhahabu ikashika shaba. Kisha husuguliwa ing'ae. Mvuke ule ni sumu, na walioutia mapafuni hawakuandikwa kwenye vitako vya sanamu. Mwisho nywele hupakwa buluu, na mara nyingi uso hupewa dhahabu nyingine isiyopitishwa motoni, iliyofifia kidogo, pamoja na rangi ya macho na midomo.

Sanamu kubwa zilifanywa kwa njia nyingine: mabamba ya shaba yalifuliwa kwa nyundo vipande vipande na kuunganishwa. Mji wa Dolonnor, Mongolia ya Ndani, ulipata umaarufu kwa kazi hiyo na kuwauzia monasteri za Wamongolia.

Ndani yake kuna nini?

Sanamu nyingi ziko wazi ndani na hujazwa: karatasi ndefu zilizoandikwa au kuchapwa mantra, maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa, na kuzungushwa zikabana, nafaka, manukato, vipande vya vitambaa, wakati mwingine masalia ya watakatifu. Kisha chini huzibwa kwa bamba la shaba lililochorwa vajra (fimbo fupi ya ibada, alama ya radi) mbili zilizopishana, na lama huiweka wakfu. Kabla ya hapo ni chuma tu, wangekwambia.

Maandishi ya kwenye kitako yanasema nini?

Kwa sanamu za Qianlong, mara nyingi ni mstari mmoja wa Kichina unaosema kwamba imetengenezwa kwa heshima katika enzi ya Qianlong ya Qing Kuu. Nyingine huongeza jina la mwaka, na mwaka unaoonekana mara nyingi ni gengyin, yaani 1770. Zikiwa sehemu ya seti huweza pia kuwa na jina la mungu husika na alama ya kuonyesha mahali pake kwenye rafu.

Maandishi yanayosisimua zaidi ni ya mwaka 1686, kwenye sanamu ya Avalokiteshvara wa mikono minne, bodhisatva wa huruma, iliyoko Jumba la Makumbusho la Kasri, Beijing. Ina kimo cha sentimita 73, imetiwa dhahabu, na kitako chake kimeandikwa kwa Kitibeti, Kimongolia, Kimanchu na Kichina. Kangxi aliifanyiza kwa ajili ya bibi yake Xiaozhuang, binti wa Kimongolia wa Khorchin aliyemlea na kumsimamia tangu alipotawazwa akiwa mtoto. Mkazi yeyote wa dola ile aliyejua kusoma angeipata lugha ya kusoma pale, lakini aliyelengwa alikuwa bibi mmoja mzee, aliyefariki muda mfupi baadaye, mwaka 1688.

Ni kweli Qianlong alitengeneza sanamu kwa maelfu?

Ni kweli, na sehemu kubwa ilikuwa kwa ajili ya mama yake. Mama huyo, Chongqing, alisherehekewa kutimiza miaka 60, 70 na 80, mwaka 1751, 1761 na 1771, na kila mara zawadi zilikuwa pamoja na sanamu za Amitayus, Budha wa uhai usio na kikomo, anayekaa amepakata chombo cha maji ya uzima. Mwaka 1770 wenyewe kaizari alikuwa akitimiza miaka 60 kwa hesabu ya Kichina. Ndiyo maana mwaka huo umejaa kwenye vitako. Mama alipofariki mwaka 1777, mwanawe aliamuru stupa ya dhahabu yenye kimo cha sentimita 147 ili kuhifadhi nywele zake.

Mfano wa pili wa wingi ni Fanhualou, jengo la ghorofa moja juu ambalo Qianlong alilijenga miaka ya 1770 katika sehemu ya kasri aliyojiandalia kustaafu. Lina vyumba sita vya ibada, kila kimoja kwa daraja moja la mafundisho. Katika kila chumba mna sanamu ndogo 122 ndani ya visanduku vya ukutani na kubwa 9 mezani. Jumla ni 786. Zinapangwa kwa utaratibu ule ule wa daftari za karakana: kila mungu ana jina, daraja na nafasi yake. Majengo ya namna hiyo aliyajenga zaidi ya moja, Beijing na kule Chengde alikokwenda kiangazi.

Zipi ni nzuri zaidi?

Bila kusita: za Kangxi. Miili ina uzito, petali za yungiyungi zimejaa, utepe wa mabegani unapepea, dhahabu ni nene. Za Qianlong ni sahihi, wakati mwingine sahihi mno. Ukitazama kumi za mwaka 1770 kwa mfululizo utaona nyuso zimeanza kuchoka. Vipande bora vya Qianlong ni vile alivyovifuatilia mwenyewe kimoja kimoja, na hivyo vinaweza kushindana na chochote.

Zanabazar ni nani?

Ni Mmongolia (1635–1723), mzao wa Genghis Khan, Jebtsundamba wa kwanza, yaani kiongozi mkuu wa Ubudha wa Mongolia ya kaskazini, na pia mchonga sanamu ambaye wengi, sisi tukiwamo, wanamwona kuwa bora kuliko wote wa zama zake. Mabudha wake watano na sanamu zake za Tara, bodhisatva wa kike, wana miili ya vijana na nyuso tulivu zisizo na ubaridi. Aliposhambuliwa na Wadzungar, Wamongolia wa magharibi, alikimbilia kwa Kangxi, na mwaka 1691 pale Dolonnor yeye na machifu wa Khalkha, Wamongolia wa kaskazini, walikubali kuwa chini ya Qing. Mwanasiasa, kiongozi wa dini na fundi wa shaba katika mtu mmoja: ukitaka kuelewa ukurasa huu wote, mwangalie yeye. Alifariki Beijing, na monasteri ya Amarbayasgalant ilijengwa kwa agizo la kaizari kati ya 1727 na 1736 ili kuuhifadhi mwili wake.

Kwa nini nyingine zina vichwa vingi, meno nje na mafuvu shingoni?

Si mashetani. Ni walinzi wa dini au sura za ukali za mabudha walewale wapole. Ukali wao unaelekezwa kwenye ujinga na tamaa. Yamantaka mwenye kichwa cha nyati, kwa mfano, ni Manjushri aliyekasirika.

Je, kaizari alikusanya pia sanamu za zamani?

Sana. Malama na wakuu wa Tibet na Mongolia walimletea zawadi za sanamu kutoka Kashmir, India ya mashariki, Nepal na Tibet yenyewe, nyingine zikiwa na umri wa miaka mia kadhaa wakati huo. Rolpai Dorje alizikagua, na kila moja ikafungiwa kikaratasi cha njano kinachoeleza ililetwa lini, na nani, na ni shaba ya aina gani. Vingi vya vikaratasi hivyo bado vinaning'inia. Qianlong alivutiwa mno na aloi moja ya Kitibeti yenye wekundu wa zambarau, iliyochanganywa dhahabu na fedha ndani ya shaba, hata akawaamuru mafundi wake waiige katika miaka ya 1780. Sanamu hizo hazikupakwa dhahabu juu. Rangi ya madini yenyewe ndiyo ilikuwa fahari.

Kuna uhusiano wowote na pwani ya Afrika Mashariki?

Na sanamu za Qing, hapana. Upo kwa mlango wa nyuma kupitia ukoo uliotangulia, Ming. Kaizari Yongle, aliyewapa malama wa Tibet sanamu za shaba zenye jina lake ambazo mafundi wa Qing walizitazama kama kipimo, ndiye aliyetuma merikebu za amiri wake Zheng He, na mwaka 1415 alipokea twiga kutoka Malindi. Sarafu yenye jina la enzi yake ilipatikana kisiwani Manda, karibu na Lamu, mwaka 2013.

Nyingi zilifikaje Ulaya na Marekani?

Kwa uporaji, kwa biashara, na kwa uporaji uliogeuzwa biashara. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora na kuchoma Yuanmingyuan, kasri la bustani la makaizari karibu na Beijing. Mwaka 1900 majeshi ya nchi nane yaliingia Beijing baada ya uasi wa Mabondia, na mahekalu yakasombwa. Baada ya 1912 watumishi wa kasri na wakuu waliofilisika waliuza walichoweza. Banda la shaba la Baoyunge katika Kasri la Kiangazi, lililojengwa 1755 kwa takriban tani 207 za shaba ili malama wasomee dua, lilipoteza madirisha yake. Kumi kati yake yalinunuliwa na wakfu mmoja wa Marekani na kurudishwa China mwaka 1993.

Nina sanamu yenye jina la Qianlong. Ni ya kweli?

Jina peke yake halithibitishi chochote. Kuchonga mstari mmoja ni rahisi kuliko kuchonga uso. Tazama kwanza mikono na nyuma. Karakana ya kasri ilimaliza mgongo kwa uangalifu. Wengi wanaoiga huuacha. Angalia kama dhahabu imechakaa mahali ambapo vidole hugusa, na kama bamba la chini halijawahi kung'olewa. Usilifungue mwenyewe. Anayetaka kununua akiwa China ajue kwamba tangu 2007 vitu vya kale vya aina hii vya kabla ya 1911 haviruhusiwi kutolewa nchini.

Nikienda Beijing nione nini?

Fanhualou, na Yuhuage yenye paa la shaba iliyotiwa dhahabu na majoka juu yake, kwa kawaida hufungwa kwa wageni. Sanamu za kasri utaziona kwenye maonyesho ya Jumba la Makumbusho la Kasri. Yonghegong iko wazi, na jiwe la tamko la 1792 limesimama humo. Maitreya, Budha ajaye, mrefu wa mita 18 juu ya ardhi aliyemo ni wa msandali, zawadi ya Dalai Lama wa saba, si wa shaba. Na yule Tsongkhapa, mwanzilishi wa Gelug, mkubwa wa shaba, anayepigwa picha na kila mtu kama kazi ya Qianlong, alisubiwa mwaka 1924. Ukiwa na muda wa ziada, panda treni hadi Chengde uone mapaa ya shaba ya Xumi Fushou, hekalu alilojengewa Panchen Lama wa sita alipokuja mwaka 1780. Kwa kazi za Zanabazar itakubidi ufike Ulaanbaatar, kwenye makumbusho yenye jina lake.